Pazia la Takwimu

Mwalimu wa takwimu hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Wanafunzi walimwita Barafu, na walimu wenzake nao walimwita hivyo hivyo akiwa hayupo. Kwa hiyo alipoingia ofisini kwa Mjomba meno yote nje, Mjomba alidhani labda mishahara imepanda.

"Hongera, bwana," Barafu akasema, akajivutia kiti bila kukaribishwa. "Mpwa wako ameongoza darasa. Na si kwa kubahatisha. Karatasi yake nimeipitia tena na tena nikitafuta pa kumkata, nimekosa."

Chuo kizima kilimwita Mjomba, hata watu wasiokuwa na tone la damu yake, kwa sababu, juu ya kufundisha, alikuwa mshauri wa masomo na mlango wake haukufungwa. Lakini huyu aliyeongoza darasa alikuwa mpwa wake kwelikweli, mtoto wa pekee wa dada yake mkubwa. Mjomba akafurahi mpaka akasahau chai yake.

"Sema tena," akamwambia Barafu.

"Ameongoza. Bahati mbaya tu alama yenyewe iko nyuma ya pazia, na heshima ndiyo keshaikosa." Barafu akainuka. "Nilidhani unajua. Takwimu ni somo la msingi. Ile kanuni mpya inasema somo la msingi lisipokuwa na alama, shahada ya heshima hakuna. Hata ukiwa na akili za kuuza."

Akatoka zake. Mjomba akabaki na chai yake iliyopoa.

Hili pazia lenyewe ni jambo la chuo kile, na aliyelibuni alikuwa na nia njema, kama wabunifu wote wa matatizo. Mwanafunzi akiona somo linamwelemea, anaruhusiwa katikati ya muhula kulivutia pazia. Akishalivuta, mazoezi yake yanarudishwa na maoni tu, namba hakuna. Mwisho ubaoni anaandikiwa neno moja, amefaulu au hakufaulu. Akifaulu, somo linahesabiwa kati ya yale anayotakiwa kumaliza, lakini haliingii kwenye wastani. Alama halisi anabaki nayo mwalimu na msajili, na haisemwi kwa mtu yeyote, hata kwa mwenyewe. Walimu wakinong'onezana kwenye chai, hiyo ni shauri yao.

Na nani alimshauri yule binti avute pazia? Ndiyo hapo sasa. Alikuja ofisini macho yamemvimba, amefeli jaribio la kwanza la Barafu, kama nusu ya darasa ilivyofeli. Hakuja kuomba pazia. Alikuja kuuliza apate wapi vitabu vya ziada.

"Mjomba, nikikaza je?"

"Ukikaza utavunjika, mama. Wastani wako mzuri, usiuchezee. Tahadhari kabla ya hatari. Vuta pazia, pita salama, heshima yako iko palepale."

Binti alibisha kidogo, kisha akasaini. Waliotangulia walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu, na guu likavunjika hivyo hivyo.

Na ile heshima haikuwa urembo wa kuning'iniza shingoni. Wenye shahada ya heshima ndio waliobakizwa chuoni kuwa wakufunzi wasaidizi, na kufundisha ndiyo ndoto aliyokuwa nayo yule binti tangu akiwapanga wanasesere mstari mmoja na kuwagombeza. Wengine wote walipewa mkono wa heri na kuachiwa dunia waitafute wenyewe.

Mjomba akapanda ngazi kwenda kwa Msajili. Msajili alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini, anayeogopwa na wakuu wa idara zote. Mjomba akajieleza kwa ukali, maana mtu mwenye kosa huanza kwa ukali. Kanuni gani hii inayomwadhibu mtoto aliyeongoza darasa, kwa kuwa tu alikuwa mwangalifu? Imepitishwa lini? Na nani?

"Na baraza la walimu," Msajili akasema. "Mwaka jana. Wewe ulikuwepo."

"Ningekuwepo ningepinga."

"Ulikuwepo, Mjomba. Ulikaa karibu na dirisha, na ulinyoosha mkono kuunga. Mikono niliihesabu mimi."

Akakumbuka. Lo! Mchana ule ulikuwa wa joto, mkuu wa kitivo akisoma kanuni kwa sauti ya kubembelezea mtoto, na yeye Mjomba alikuwa na karatasi za mtihani mapajani, chini ya meza, anasahihisha. Walimu wengi pale walifanya hivyo. Kikao kilikuwa ndiyo nafasi yao ya kusahihisha kwa utulivu. Mtu alisikia viti vinalia, akaona mikono inapanda, naye akapandisha wake, kalamu nyekundu ingali vidoleni. Alipiga kura ya kumfungia mpwa wake mlango, akarudi kwenye swali la pili.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Msajili hakumcheka. Alimsogezea glasi ya maji. "Njia iko moja," akasema. "Mwanafunzi mwenyewe akate rufaa, aombe pazia lifunguliwe. Lakini kamati haifungui pazia la mtu mmoja. Ikilifungua, inalifungua kwa wote waliolivutia pazia somo lile muhula ule. Alama zao zinaingia kwenye wastani."

"Wako wangapi?"

"Wachache. Karibu wote walipita kwa kuchechemea. Mmoja ni yule baba wa mapacha, anasoma kwa ufadhili na bado ana mwaka mmoja. Wastani wake ukishuka hata kidogo, ufadhili unakatwa." Akamtazama. "Na alama ya nyuma ya pazia haisemwi, Mjomba. Sitakuuliza umeijuaje."

Akashuka ngazi polepole. Na hapa nisimpambe, maana mtu ni mtu. Shetani alimwendea na maneno matamu. Mtoto hajui alama yake. Anajua amefaulu, basi. Akiikosa heshima ataambiwa ni kanuni, atalia, atanyamaza, na mjomba wake atabaki kuwa mjomba mwema. Kumwambia kwa faida ya nani? Kanuni yenyewe inakataza kusema. Mjomba hakuwahi kuipenda kanuni yoyote kama alivyoipenda hiyo kwa muda wa kutembea kutoka ngazi ya juu hadi ya chini.

Lakini alipofika kwa dada yake, binti alikuwa uani anafua shuka. Dada hakuwepo, alikuwa amekwenda kwa fundi kupima gauni la mahafali. Mjomba akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwambia binti yote bila kuzunguka. Alama aliyopata, kanuni, mkono wake ulionyooka, rufaa, na wale wenzake.

Binti alikuwa ameshika shuka, maji yanachuruzika.

"Kumbe niliweza," akasema mwishowe.

"Uliweza, mama."

"Muhula mzima nilidhani Barafu ananihurumia. Anaandika 'vizuri sana' pembeni, nami nasema huyu kaambiwa na Mjomba asinivunje moyo." Akaikamua ile shuka kwa nguvu. "Kwa nini uliniambia nivute?"

"Nilikuogopea."

"Hapana. Hukuniogopea. Hukuniamini."

Hilo ndilo lilikuwa la kweli, na lilimuuma Mjomba kuliko tusi. Miaka yote amekuwa akiwafunika watoto wa watu ili wasinyeshewe, akaita huruma. Kumbe wengine waliweza mvua.

"Nisamehe," akasema.

Binti aliianika shuka, akainyoosha pembe zote. Kisha akauliza, "Huyo mwenye mapacha, ndiye yule anayesinzia mstari wa mbele?"

"Ndiye."

"Sikati rufaa."

"Fikiri kwanza. Ni kazi yako hiyo, ni maisha yako."

"Nimefikiri. Wewe umekuwa ukinifikiria, ona tulipofika." Akacheka kidogo, kicheko kibaya chenye machozi ndani yake, akajifuta kwa kiwiko. "Lakini mama sitamwambia mimi. Huyo ni wako. Mwambie wewe."

Mjomba akaahidi. Akaahidi, na akaahirisha. Leo dada anaumwa kichwa, kesho ana wageni, keshokutwa anaonekana mwenye furaha, mtu atamkatizaje. Hivyo hivyo mpaka asubuhi ya mahafali ikawakuta ukumbini, dada ndani ya gauni jipya linalometameta, amekaa wima, jirani zake wa kushoto na kulia wameshajulishwa kwamba binti yake ni wa heshima.

Mkuu wa chuo akahutubia mpaka watoto wakalala. Kisha Msajili akasimama mbele ya kipaza sauti, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Wanaotunukiwa shahada ya heshima wasimame."

Majoho machache yakainuka. Dada naye alikuwa ameshainuka nusu, mikono tayari, anatafuta uso anaoujua. Akatafuta mstari wa kwanza, akatafuta wa pili.

"Mbona simwoni?"

"Keti, dada."

"Nikae nini? Mtoto wangu yuko wapi?"

"Yupo. Amekaa. Hatasimama, na sababu ni mimi."

Akamwambia pale pale, kwa kunong'ona, watu wakiwapigia makofi watoto wa wenzao. Alimwambia pazia, na mkono, na kwamba binti angeweza kuipigania heshima yake ila asingemkanyaga mwenzake. Dada alisikiliza huku anatazama mbele. Uso wake ulikuwa mgumu, na Mjomba alijua kuna siku atalipia, tena si siku moja.

"Hilo somo," dada akasema, "lililomfanya alie. Alikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Darasa zima?"

"Darasa zima, dada."

Majina ya waliobaki yakaanza kuitwa, harakaharaka, mtu anapita, anapeana mkono, anashuka, makofi yameshachoka. Likaitwa jina la binti. Akapanda jukwaani joho limempwaya, bila utepe wa heshima, macho chini. Na dada akasimama. Hakusimama nusu. Alisimama wima na gauni lake, akapiga kigelegele kilichowaamsha watoto waliolala, halafu akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya ukumbi:

"Huyo ndiye wa kwanza kwenye takwimu! Wa kwanza, darasa zima!"

Ukumbi ukageuka. Barafu, kwenye viti vya walimu, akaanza kupiga makofi peke yake. Baba wa mapacha, kwenye viti vya wageni, akafuata, mtoto mmoja begani. Binti alisimama katikati ya jukwaa, akainua macho, akamtafuta mama yake.

Watu wote sasa walimtazama Msajili, mwenye kipaza sauti, mlinzi wa kila kanuni ya chuo kile. Msajili alitazama karatasi yake. Hakukanusha, wala hakuharakisha. Alingoja mpaka makofi yakaisha yenyewe, ndipo akaita jina linalofuata.