Mwanya wa Sikuzani

Amri wa Likunja hakumwoa Sikuzani kwa ajili ya jembe, ingawa mwanamke yule alijua kulima. Alimwoa kwa mwanya. Semeni mtakavyo, huo ndio ukweli, na Amri mwenyewe hakuwahi kuuficha. Sikuzani alikuwa akicheka anarudisha kichwa nyuma, anapiga paja, na katikati ya meno mawili ya mbele unaona kile kinafasi ambacho Mungu hampi kila mtu. Kisha akafa, Mola amrehemu, binti yao Raudha akiwa darasa la kwanza. Mwanya ukabaki kwa mtoto. "Basi," Amri alisema, "si kila kitu kimezikwa."

Lakini mwanya wa Raudha ulikuja na mizigo yake. Alipofika kidato cha kwanza, meno ya juu yalikuwa yametokeza mbele hata midomo haikutani, na ya chini yanamchoma kaakaa kila anapotafuna. Siku moja alitema tonge la ugali lina damu. Shuleni walimwita Ngiri, maana watoto wa watu hawana huruma hata chembe. Raudha akajizoeza kucheka huku ameziba mdomo kwa mkono au kwa pindo la mtandio, na mwisho akawa hacheki kabisa mbele za watu.

Shangazi yake Mwamina, mwenye duka la vitenge Nachingwea, ndiye aliyesema imetosha. "Kaka, mtoto anameza damu yake na wewe umekaa unatazama mwanya? Mlete huku. Kuna daktari wa meno anakuja kila mwezi." Ufuta wa mwaka ule ulikuwa umelipa vizuri, kwa hiyo Amri hakuwa na pa kujifichia.

Daktari Dionisia alikuwa mama mnene, mchangamfu, asiye na haraka. Alichukua taya la plasta akawaonyesha. "Jino si msumari uliopigwa kwenye saruji," alisema. "Limekaa ndani ya mfupa, na mfupa uko hai. Tunabandika vyuma vidogo juu ya meno, tunapitisha waya, waya unasukuma polepole. Kule jino linakokwenda, mfupa unapungua. Kule linakotoka, mfupa mpya unajengeka. Ukilazimisha haraka, unaharibu."

"Kama nguzo ya uzio iliyolala," Amri alisema. "Unaisukuma kidogo, unashindilia udongo nyuma yake."

"Hapo hapo, Mzee Amri."

"Nimeelewa, Daktari. Basi yanyoosheni yote. Ila mwanya tuachieni."

Mwamina aliinamisha uso kwa aibu. Daktari hakucheka. "Mzee wangu, meno haya yatarudi nyuma kwa kutumia nafasi hiyo hiyo. Nikiuacha mwanya, yatabaki nje, na kaakaa litaendelea kuumia."

Amri alimgeukia binti yake. Raudha alikuwa ameinama, mkono mdomoni, hathubutu kuomba. "Fungeni," baba mtu alisema.

Kijiji kizima cha Likunja kilikuwa na la kusema. Wengine walidai ni nyaya za baiskeli. Jirani yao Hassani, mtu wa maneno mengi, alisema Amri kamfunga binti yake mdomo ili asidai simu. Wiki ya kwanza Raudha aliishi kwa uji, analia meno yanamvuta mpaka masikioni. Msimu wa korosho ulipofika, wenzake wakawa wanabangua za kuchoma, na yeye ameketi pembeni anameza mate tu, kwa kuwa daktari alikataza vitu vigumu. Kila mwezi walikwenda Ruangwa mjini kupanda basi la Nachingwea, waya ukakazwe. Kila wakirudi, Amri aliutazama mwanya kwa jicho la pembeni. Ukawa unapungua. Hata hivyo hakukosa safari hata moja.

Zaidi ya miaka miwili ikapita hivyo. Siku vyuma vilipotolewa, Raudha alijitazama kwenye kioo, akafumba mdomo, akafumbua tena. Midomo ilikutana! Mwamina alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wengine wakachungulia. Daktari akampa kifuniko cha plastiki nyembamba kilichochukua umbo la meno yake. "Utakivaa kila unapolala. Mfupa bado mchanga, na meno yana tabia ya kutaka kurudi kwao. Usikioshe kwa maji ya moto, kitapinda. Ukikiacha, mwanya ndio utakaotangulia kurudi."

Maneno hayo ya mwisho Amri aliyasikia vizuri kuliko yote.

Nyumbani Raudha akawa mtu mwingine. Anaimba jikoni, anataniana na wapita njia. Amri yeye alikuwa anatazama meno tu, yamepangana safi kama punje za hindi, na hapaonekani pa Sikuzani hata padogo. Moyo ukamuuma kama aliyefiwa mara ya pili. Shetani naye hachoki. Asubuhi moja binti alipokwenda kisimani, Amri alichukua kile kifuniko dirishani akakizamisha ndani ya debe la mbegu za ufuta. Alijiambia ni kidogo tu, uwazi mwembamba wa kupitisha uzi. Mtu mzima na ndevu zake!

Raudha alikitafuta kwa machozi. Alipindua magodoro, akapekua majivu, akaingia hata kwenye banda la kuku. Na Amri, msimlaani sana, alimsaidia kutafuta.

"Baba, yanasogea," Raudha alisema siku iliyofuata. "Nayasikia. Nitakuwa Ngiri tena."

"Hayasogei, mwanangu," Amri alijibu bila kumtazama usoni.

Jioni ya siku ile mbuzi dume wa Hassani aliingia uani. Alikuwa ameshindilia mabibo yaliyochacha chini ya mikorosho, na pombe ilikuwa imempanda. Akaja upande upande, akaisalimu ndoo kwa kichwa, kisha akaketi kitako kama mzee wa baraza. Hassani, aliyekuwa anamfukuza, alicheka mpaka akashika ukuta. Amri naye alicheka, akamgeukia binti yake ili wacheke pamoja.

Raudha alikuwa ameziba mdomo. Mkono ule ule, mahali pale pale.

Kicheko cha Amri kilikatika. Alijiuliza ni lini aliuona ule mwanya binti yake akicheka, asikumbuke. Miaka yote ile alikuwa analinda kitu kilichofunikwa kwa kiganja. Na zile siku chache binti alipokuwa anacheka waziwazi jikoni, yeye alikuwa anakagua meno, hakusikiliza. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio. Akaingia ndani, akarudi na debe, akaliweka miguuni pa Raudha.

"Kimo humu," alisema. "Nilikificha mimi."

"Wewe, Baba?"

"Nilitaka mwanya urudi. Nilimtaka mama yako. Nisamehe."

Raudha alimtazama kwa hasira, machozi yakimlengalenga. Hassani alimshika mbuzi wake pembe akaondoka kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea Likunja. Binti akaingiza mkono ndani ya debe, akapapasa, akakitoa kifuniko. Kila tundu la jino lilikuwa limejaa ufuta, meno yote ya juu, safi kabisa, utafikiri kashata ya harusi.

Alijaribu kuendelea kununa, akashindwa. Kicheko kilimtoka chote, akarudisha kichwa nyuma, akapiga paja, mikono haina habari na mdomo. Amri alisimama hapo hapo akisikiliza. Mwanya haukuwepo, lakini Sikuzani alikuwa uani, anacheka vile vile kama siku ile ya kwanza. Machozi yakamshuka mwanamume yule mpaka kwenye ndevu, wala hakuyafuta.

"Lete nikuoshee," alisema, akanyoosha mkono kuchukua chupa ya maji ya chai.

"Si maji ya moto, Baba!" Raudha alipiga kelele, akaanza kucheka upya.