Ngozi ya Simu

Nilikuwa nimeshafungua mfuniko wa nyuma wa redio, skrubu zote zimo ndani ya kopo, na Nakeno ameushika waya mwekundu kwa vidole viwili kama anavyoshika mkia wa mbuzi asiyemjua.

"Usivute," nikamwambia.

"Sivuti, nashika tu. Hii kitu inaumwa wapi, Fundi Aukot?"

"Inasikia, lakini haisemi."

"Basi ni kama bwana yangu."

Chuma cha kulehemu kilikuwa kwenye jiko la makaa kikipata moto. Redio yenyewe ilikuwa redio ya upepo, ya kuitana na kujibizana, ya mtumba, ambayo tuliinunua sisi watatu. Nakeno, mfanyabiashara wa ngozi hapa Lodwar, alitoa mbuzi wakauzwa. Mimi kazi yangu ni kuitengeneza. Lual, mkimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, ndiye anayekaa nayo kambini Kakuma, katika kibanda cha mabati, ambako watu hulipa kidogo wakazungumza na ndugu zao walioko Lokichoggio na Nairobi. Tangu iharibike, watu walikuwa wakikaa pale wakisikia majina yao yakiitwa kutoka upande wa pili, wasiweze kuitika. Lual aliniletea redio kwa lori, akarudi Kakuma kutafuta njia nyingine ya mawasiliano.

Siku hiyo alikuja nayo hiyo njia nyingine. Aliinama kupita mlangoni, kwa sababu mlango wangu haukujengewa watu warefu kama yeye, akatusalimu kwa Kiturkana, "Ejok."

"Ejok-noi," Nakeno akaitikia. "Umebeba nini kwenye blanketi? Umeoa?"

Lual hakucheka. Alifungua blanketi juu ya meza, kukawa na sanduku jeusi la ukubwa wa Biblia ya kanisani. Ilikuwa simu ya setilaiti. Tulitoka nayo nje. Mfuniko wake ndio antena, na Lual akaugeuza polepole kuelekea mbinguni mpaka simu ikalia kuonyesha kwamba imepata mawimbi. Akampa Nakeno. Nakeno akampigia mnunuzi wake wa ngozi, Nairobi, ambaye siku zote humfikia kwa barua zinazobebwa na madereva.

"Uko Nairobi?" sauti ikauliza, safi kabisa.

"Niko Lodwar. Nimesimama juani."

Waliongea mambo ya ngozi za mbuzi na chumvi. Alipomaliza aliishika simu ile kwa mikono miwili, hakutaka kuirudisha haraka. Niliona hivyo, na nisingeweza kusema kwamba simu ile haikuwa kitu kizuri.

Tukarudi kivulini, Lual akaeleza. Kwa bei ya dukani, mifugo yote ya Nakeno isingetosha. Lakini kampuni moja ya Nairobi inayouza muda wa maongezi ilikuwa tayari kuitoa kwa robo ya bei, mradi tukubali kupiga kupitia kwao peke yao kwa miaka miwili na kulipa kila mwezi, tuwe tumepiga au hatujapiga. Robo hiyo ilitakiwa kesho.

Robo hiyo ilikuwa imesimama nyuma ya karakana yangu, ikila maboksi. Baada ya mvua za El Nino na ule ugonjwa wa mapafu, Nakeno alibaki na makundi mawili madogo ya mbuzi: moja kwa dada yake kule Kataboi, jingine Katilu. Wale wa Katilu walikuwa wamefika jana kwa miguu, waende mnadani asubuhi. Wakiuzwa na biashara ikashindwa, watoto wake wangekula wale wa Kataboi, na baada ya hao hakuna wengine.

"Dada, hii ni ng'ombe ya kukopeshwa tu," Lual akasema. "Maziwa yetu, ndama yao. Kwetu hii iko, na kwenu iko."

Nakeno akatikisa kichwa kukubali. Hata mimi nilikubali moyoni. Sisi sote watatu tumekulia katika desturi hiyo: mtu mwenye mifugo mingi huwagawia marafiki wamtunzie, wapate maziwa, na ukame ukija haumkuti na wote mahali pamoja. Maneno ya Lual yaliingia kwa urahisi, na nadhani urahisi huo ndio ulionifanya niulize.

"Na ikifa?"

Lual aliniangalia kana kwamba nimetema mate ndani ya kibuyu cha maziwa. "Sikuuliza."

"Kwa nini?"

"Fundi, mtu anakupa ng'ombe, wewe unamwuliza itakufa lini? Ni kama unaiombea kifo."

"Hata sisi hatuulizi," Nakeno akasema. "Haina haja. Inajulikana. Ikifa, unampelekea mwenyewe ngozi, anaona alama yake, basi. Hakuna deni."

"Hakuna deni," Lual akakubali. "Malesh, pole tu, na urafiki unaendelea."

"Na hao wa kampuni wanaijua hiyo?" nikauliza.

Mbuzi mmoja alikuwa akikwaruza mabati kwa pembe. Mwishowe Lual akasema, "Kalas, basi, tuulize," tukatoka tena juani. Alibonyeza namba yeye mwenyewe, lakini kijana wa kampuni alipopokea, Lual alimpa Nakeno simu. Mdomo wake haukuweza kulitamka swali lile.

"Kijana, hii simu ikikufa kabla ya miaka miwili, inakuwa aje?"

"Mteja anaendelea kulipa kila mwezi mpaka mkataba uishe, mama."

"Hata kama imekufa kabisa?"

"Hata kama, mama."

"Na nikikuletea ngozi?"

"Ngozi ya nini, mama?"

"Ya simu."

"Samahani mama, sisi hatununui ngozi."

"Mimi ndiye nanunua ngozi," Nakeno akamwambia, akakata, akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Lual alibaki amesimama huku ameshika mfuniko wa sanduku.

Sikumwona kijana yule kuwa mbaya, wala kampuni yake. Nilijaribu kulifikiria jambo lile kama ninavyofikiria redio, kipande baada ya kipande. Waliotengeneza simu wameshalipwa yote. Kampuni imeinunua ghali na kuitoa rahisi, kwa hiyo sehemu iliyobaki lazima waipate mahali fulani, na mahali penyewe ni malipo yetu ya kila mwezi. Hawakutukopesha ng'ombe. Walikuwa wanatuuzia polepole, nasi tulisikia desturi yetu ndani ya maneno ambayo wao hawakuyasema.

"Basi mimi naona hivi," Nakeno alisema alipotulia. "Tuache simu. Tununue sola na betri. Kila simu itakayokuja Kakuma inakula moto wa betri. Ikifa hii, inakuja nyingine, na bado inakula."

"Arop, yule anayeonyesha video kambini, ameniambia nikikataa ataichukua yeye," Lual akasema.

"Vizuri. Ataichaji kwetu."

"Kwa hiyo wewe unataka mjinga mwingine achunge ng'ombe, wewe umuuzie majani."

"Kwani majani si biashara?"

"Na mimi?" Sauti yake haikupanda. "Mimi nakaa kwenye kibanda, nachaji simu ya Arop, na watu wangu wanapanga foleni kwa Arop. Mama mmoja anakuja kwangu kila siku anauliza, Lual, redio imepona? Nimwambie redio haijapona lakini betri iko?"

Lual alisema kweli. Betri bila kitu cha kuendesha ni madini ya risasi na tindikali tu. Na Arop asipoichukua simu, au akaichukua ikamshinda, sola yetu ingewasha taa mbili na video yake jioni. Nikawaambia hivyo. Nikawaambia pia kwamba kwa joto la huku betri haidumu, miaka miwili ni bahati.

"Kumbe nayo inakufa," Lual akasema.

"Inakufa. Lakini betri iliyokufa watu wa Kitale huinunua, kwa ajili ya risasi iliyomo ndani. Bei yake ni ndogo."

Nakeno aligeuka kunitazama. "Unasema ina ngozi?"

"Ndogo," nikarudia, maana sikutaka anisikie vibaya. "Ngozi ya mwana-mbuzi."

Nakeno akatoka kwenda nyuma kwa mbuzi wake. Tulimsikia akiwasemesha kwa Kiturkana. Aliporudi alikuwa na kamba mkononi.

"Kesho nauza wachache. Wa kutosha sola moja na betri. Wengine wanarudi Katilu. Na hiyo sanduku inarudi kwa wenyewe."

Lual alilifunga sanduku, akalikunjia blanketi vizuri kama alivyolileta. "Mimi siwezi kuirudisha," alisema. "Nilishasema ndiyo. Kwetu, ukirudisha ng'ombe ya mtu akiwa mzima, umemwambia hufai kuwa rafiki yangu."

"Sasa wao si marafiki, Lual."

"Najua. Lakini mimi nilisema ndiyo kama rafiki."

Nakeno akaiweka kamba chini. "Basi nitairudisha mimi. Asubuhi, kabla ya mnada, maana wakala wao ana ofisi hapa mjini. Nitamwambia ng'ombe ni mzuri, ila majani yetu ni kidogo. Wewe utasimama nyuma yangu, husemi kitu. Unaweza?"

"Kusimama naweza."

"Urefu huo utasaidia. Hatagombana na sisi."

Safari hii Lual alicheka, kidogo. Kisha akaja mezani, akainama juu ya redio iliyofunguliwa, mikono nyuma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Lakini hii itaongea, Fundi? Nimwambie nini yule mama?"

Sipendi kuahidi. Nilikuwa nimekuta waya mmoja uliooza kwa chumvi, na sehemu moja nyeusi ambayo sikuwa na hakika nayo. Nilimwonyesha vyote viwili. Nilimwambia nikishalehemu waya, ndipo nitajua kama ile nyeusi ndiyo ugonjwa au ni kovu la zamani.

"Lehemu sasa."

Nilichomoa chuma kwenye jiko nikakigusisha risasi ya kulehemu. Haikuyeyuka. Wakati tukibishana makaa yalikuwa yamegeuka majivu, na jua lilikuwa likizama, mwanga wa mlangoni haukufika tena juu ya meza, nami sikuweza kuona rangi za nyaya. Nilifunika redio kwa kitambaa, nikaweka kopo la skrubu juu yake lisipotee.

"Kesho," nikamwambia. "Njoo na makaa."