Kinyungu cha Mama na Diski ya Zamani

1.

Jumatano, tarehe 12 Juni. Njombe imeamka na sakitu. Majani ya viazi yamekuwa meupe kama yamenyunyiziwa chumvi, na ukungu umekaa mlangoni, hauingii wala hauondoki.

Mama amekataa uji.

Naanza hapo kwa sababu mwalimu wa darasa la jioni alisema anayeandika aanze na anachokijua. Ninachokijua ni hiki: mama amekataa uji, na kitu kinachoweza kumfanya ale kimo kabatini mwangu, kimefungwa kwenye khanga.

2. (Tangazo ubaoni)

KITUO CHA ELIMU YA WATU WAZIMA
DARASA LA JIONI
YAH: KAZI YA MWISHO YA MUHULA

Wanafunzi wote wa kompyuta mnaarifiwa kwamba kazi ya mwisho ni kuurekebisha mchezo wa shamba ili ufanane na mahali unapopajua. Mchezo unapatikana kwa njia mbili:

(a) kwa diski, dukani;
(b) kwa kuupakua mtandaoni.

Kila mwanafunzi achague njia inayomfaa. Kituo hakitahusika na majuto.

Chini yake mtu ameandika kwa kalamu: Amina.

3.

Wewe unayesoma, kama hujui: ni mchezo wa kompyuta. Unaendesha trekta, unalima, unavuna. Unakuja na mashamba ya ugenini, ngano mpaka upeo wa macho. Lakini unaruhusu kuyaondoa na kuweka ya kwenu. Vijana wanaita kumodi.

Mimi ni Zilpa Nyagawa, fundi cherehani, mwanakwaya, sauti ya pili. Nilichagua diski. Kompyuta yangu ni kubwa na nzito, niliinunua steshenari moja ilipofungwa, na ina mdomo wa kuwekea diski. Kwangu intaneti inakuja na kuondoka. Halafu nilipenda kushika mkononi kitu nilichokinunua.

Melania Kaduma alichagua mtandaoni. Melania ni jirani yangu tangu utoto. Mama yake alifariki tukiwa wasichana wadogo, akawa anakula kwetu. Laptopu yake ni nyembamba kama kitabu cha nyimbo, haina mdomo wowote. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alimnunulia mchezo kutoka huko huko. Wakati mimi nangoja diski yangu ifike na mizigo ya basi, yeye alikuwa ameshalima.

Nilifurahi kwa ajili yake.

Nilifurahi.

4.

Kipande hiki nimekifuta. Nilikisoma nikaona namsema mtu.

5.

Tulitengeneza bonde moja, mimi na yeye, bila kuambizana.

Kwetu, bustani za bondeni zinaitwa vinyungu. Kiangazi kikikausha vilima, bondeni chini kuna unyevu, na hapo ndipo watu hulima njegere na maboga. Kinyungu cha mama kilikuwa kizuri kuliko vyote. Hilo si wivu, muulize yeyote. Baba alipofariki kaka zangu walikiuza. Sasa kuna maparachichi, na uzio.

Mama anaishi kwangu. Kumbukumbu zake zinaondoka. Kila asubuhi ananiuliza:

"Zilpa anakuja lini anirudishe kwetu?"

"Mama, mimi ndiye Zilpa."

"Wewe ni nesi," anasema, kwa upole, asije akaniumiza.

6. (Nilivyoviweka bondeni)

matuta ya njegere
maboga
mfereji
jiwe la kufulia
nyumba yetu, bati na kutu yake
kanisa, ingawa kweli lilikuwa ng'ambo ya kilima

Nisichokiweka:

mianzi. Baba aligema ulanzi kwenye mianzi ile, akaunywa, akauza. Mimi nimeokoka. Sikuona sababu ya kupanda pombe kwa mkono wangu mwenyewe.

7. (Darasani, mwanzoni mwa muhula)

"Kila mtu asevu kazi yake," alisema Mwalimu Oska, kijana mpole mwenye sweta la kijani. "Mama Zilpa, umesevu?"

Wiki hiyo hiyo, somo la Kiingereza, tulikuwa tumefundishwa neno hilo maana yake ni kuokoa. Nikasimama.

"Nimeokoka, mwalimu. Tangu nikiwa binti."

Darasa zima lilicheka. Mzee mmoja alilala juu ya meza. Mwalimu alifunika uso kwa daftari.

Melania hakucheka. Aliniinamia akaniambia, "Dada, kaa. Bonyeza hapo palipoandikwa *hifadhi*." Halafu kwenye laptopu yake akalipa folda la bonde lake jina jipya. Nililiona.

OKOA

Kama angecheka, ingekuwa rahisi zaidi kumchukia.

8.

Nilimwonyesha mama bonde langu kwanza. Alilitazama kwa adabu, mikono mapajani.

"Pazuri," alisema. "Hapa ni kwa nani?"

Jioni ile Melania akaja na laptopu yake. Bonde lile lile, mfereji ule ule. Na kwenye kona, mianzi. Kwenye mwanzi mmoja uliokatwa ncha alikuwa ametundika mbeta, kile kikopo cha mwanzi cha kukingia ulanzi.

Mama alisogeza kiti.

"Mwambieni baba Zilpa hiyo mbeta imejaa, itamwagika."

Akacheka. Akaomba uji. Akala bakuli zima akiangalia ile mianzi ikiyumba. Halafu akainua macho, akamtazama Melania usoni, akasema




Mwanangu.




9. (Melania)

Dada Zilpa ameniambia niandike kipande kimoja, niseme ninavyoona mimi. Mimi si mwandishi.

Mama Sekunda, mama yake Dada, alikuwa ananipakulia kabla ya watoto wake. Lakini hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita *mtoto wa marehemu*. "Mpeni na mtoto wa marehemu." Hakuwa na ubaya, ndivyo nilivyokuwa.

Mianzi naikumbuka kwa sababu nilikuwa nakaa pale. Ndani ya nyumba walikuwa wao. Kwenye mianzi nilikuwa mimi na baba yao, naye alikuwa hasemi sana.

Kwa hiyo siku ile aliposema lile neno, niliitika. Nilijua si langu. Niliitika hivyo hivyo. "Naam, mama."

Dada alikuwa amesimama na sufuria.

10. (Sala)

Bwana, wewe unajua nimemwogesha. Unajua nani anafua mashuka. Melania anakuja kwa saa moja tu, anafungua kifuniko cha laptopu, anaondoka na

Bwana, mbariki Melania.

Mbariki kwa kiasi.

11. (Ilani kwenye laptopu ya Melania, asubuhi moja)

MCHEZO WAKO UMESASISHWA.
Furahia mvua mpya, mawingu mapya na matrekta mapya!
Baadhi ya marekebisho yaliyotengenezwa na watumiaji huenda yasifanye kazi katika toleo hili.
Huna haja ya kufanya lolote.

Alipolifungua bonde, mvua mpya ilikuwa inanyesha kwa uzuri wa ajabu. Ilinyesha juu ya ngano. Vinyungu havikuwepo. Mianzi ilisimama hewani, haikugusa ardhi, imegeuka rangi ya waridi kali, kama kitambaa cha sherehe.

Mama aliitazama.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Tangu siku hiyo anakula vijiko vichache, kisha anasukuma bakuli. Anasema atakula akifika kwao.

12. (Darasani tena)

"Diski ni ile ile siku zote," alisema Mwalimu Oska. "Ulichonunua ndicho ulicho nacho. Cha mtandaoni kinabadilika hata umelala. Bonde la mama Melania lilijengwa mchezo ukiwa toleo la zamani. Nyumba ipo, msingi umehamishwa."

"Nirudi nyuma vipi sasa?" aliuliza Melania.

"Wenye duka hawakuacha njia ya kurudi. Ungeuzuia usijisasishe."

"Nani aliniambia?"

"Niliandika ubaoni, mama."

"Ubao wako una mambo mengi, mwalimu. Mpaka ratiba ya chai iko humo."

Watu wakacheka kidogo. Melania hakucheka. Alikuwa anafuta kioo cha laptopu kwa ncha ya kitenge, kama vile kasoro ilikuwa vumbi.

"Folda lako likiwekwa kwenye mchezo wa zamani, litafunguka," alisema mwalimu. "Anatakiwa mtu mwenye diski. Tena si diski yoyote. Nyingine siku hizi ni ganda tu, ndani mna namba ya kwenda kupakulia. Ile yenye mchezo wenyewe ndani."

Wote wakanigeukia.

"Dada," alisema Melania. "Ni kwa ajili ya mama."

Mama. Hakusema *mama yako*.

"Ngoja niombe kwanza," nikasema.

13. (Yaliyosikika nje ya ukumbi wa kwaya)

— Bado anaombea?
— Bado.
— Diski?
— Diski.
— Labda ina pepo.
— Pepo anaye mwenye diski.
— Shusha sauti, dirisha liko wazi.

Dirisha lilikuwa wazi.

4. (nimekirudisha)

Mwalimu ametufundisha kwamba unachokifuta hakiondoki. Kinakaa kwenye pipa la taka la kompyuta mpaka ulimwage. Nimekikuta humo, kizima, kama nilivyokiandika, na leo nimekiongezea mstari wa mwisho:

*Namwonea wivu Melania. Namwonea wivu kwa sababu mchezo wake ulifika kwa hewa na wangu ulifika kwa basi. Namwonea wivu kwa sababu laptopu yake ni nyepesi, na anacheka kirahisi, na anaomba sala fupi. Haya yote nayaandika ili nisiandike lile lenyewe. Lile lenyewe ni kwamba*

Ni kwamba mianzi yake ilipogeuka rangi ya waridi, nilishukuru Mungu. Niliimba sauti ya pili Jumapili ile, nikashukuru.

14.

Leo mchana, baada ya mama kuusukuma uji, nimefungua khanga. Nimeweka diski. Kompyuta imenguruma kama inavyonguruma siku zote. Bonde langu limefunguka bila kosa hata moja. Njegere, maboga, mfereji, kanisa.

"Kula, mama. Ona, tumefika."

"Hapa si kwetu," alisema. "Mianzi iko wapi?"

"Nitaipanda sasa hivi."

Nikashika kipanya. Nikatafuta pa kuipanda.

Upande gani?

Upande wa mfereji, au wa jiwe la kufulia?

Nimeishi miaka yote ya usichana wangu nikiipita ile mianzi nimeinamisha uso, naona aibu, watu wasiseme binti wa mgema. Sasa sijui ilikuwa wapi; hata kwenye bonde la Melania nilimtazama mama, sikushika ilikaa kona gani.

Mama aligeukia ukutani.

Ndipo wazo likaja, na nilipe jina lake, halikuwa la kutoka juu. Nichukue folda la Melania. Lifunguke hapa, nyumbani kwangu, kwenye kompyuta yangu, mkono wangu ukiwa juu ya kipanya. Mama ataona mianzi, atainua macho, na atakayekuwa mbele yake ni mimi. Sitahitaji kusema uongo.

Kunyamaza

tu.

15.

Darasa la jioni, leo. Nimefika na diski kwenye mkoba, khanga na yote. Melania amenipa flashi yake kabla sijakaa, kama mtu anayetoa kitu cha moto.

"Umemaliza kuomba?"

"Sijaanza," nikasema. "Nilikuwa najificha humo."

Akanitazama, halafu akatazama mkoba.

"Mwalimu, nina neno," nikasema.

"Sema tu ukiwa umekaa, mama."

"Hapana. Nasimama."

"Ushuhuda huo," alinong'ona yule mzee aliyewahi kulala juu ya meza kwa kucheka. Mtu wa nyuma akasema Bwana asifiwe, na wengine wakaitikia Amina kwa mazoea, hata hawajui kwa lipi.

Niliishika meza.

"Mnajua nina diski. Mnajua mama hali. Nilikuwa nayo kabatini na nikawa nawaambia naomba. Nilitaka bonde la Melania lipotee. Sasa nataka mnisikie wote, ili nikifika nyumbani nisibadilike."

Mwalimu Oska aliweka chaki chini.

"Subiri, dada," alisema Melania. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kabla hujaahidi. Akiona mianzi, atasema lile neno. Unajua atalisema. Wewe utakuwa mbele yake, mimi pembeni. Au mimi mbele, wewe na sufuria. Ataitikiwa na nani?"

Nje baridi ilikuwa inashuka tena. Sikujua kama diski itasoma folda la mwenzake. Sikujua kama mama atakula, wala kama kesho atakuwa bado anaijua mianzi. Nilijua kitu kimoja tu, nikakisema kwa sauti, ili hata waliokaa karibu na mlango wasikie:

"Mimi, Zilpa, binti wa mgema, naahidi mbele yenu. Kesho asubuhi Melania atakuja kwangu. Nitaweka diski yangu na bonde lake, na sitang'oa mwanzi hata mmoja. Mama akiuliza ni nani amelima, nitasema ni Melania. Na akisema 'mwanangu', nitafunga mdomo mpaka Melania aitike. Halafu nitaitika na mimi."