Kinachowala Watoto wa Sanduku la Pili

Walimbandika jina la Mama Panya kwa utani, naye aliitika upesi kuliko walivyotarajia, maana katika miaka sita ya ndoa lilikuwa jina pekee lenye "mama" ndani yake lililowahi kumkalia. Kazi yake ilikuwa kulea panya weupe mia moja na ishirini katika chumba cha chini cha taasisi ya utafiti: kuwalisha, kuwabadilishia maranda ya kulalia, kuwapima uzito, na kila asubuhi saa mbili kamili kuhesabu watoto waliozaliwa.

Asubuhi hiyo alivuta kizimba cha nne cha sanduku la pili, akainama, akahesabu. Jana kulikuwa na vitoto kumi na moja, vyekundu, havina hata unyoya. Leo kulikuwa na viwili. Mama yao alijikunyata pembeni, mbavu zinampwita, analamba miguu yake ya mbele kama mtu aliyemaliza kula.

Mama Panya alikirudisha kizimba polepole. Hicho kilikuwa cha saba katika wiki tatu, na vyote saba vilitoka sanduku la pili. Kwenye ukuta wa upande wa pili, sanduku la kwanza lilikuwa linazaa na kunyonyesha kama kawaida, utadhani linamcheka.

Sasa, meza ya Mama Panya ilikuwa imesukumwa hadi kwenye sanduku la pili. Akikaa kuandika, mgongo wake na ubao wa sanduku vinatenganishwa na upana wa kiganja. Saa nane kwa siku. Na Mama Panya alikuwa na mimba ya miezi mitatu na nusu, ambayo pale kazini hakuna aliyeijua.

Masanduku yenyewe yalikuwa hivi. Watafiti walitaka kujua kama uga wa sumaku ya umeme, ile nguvu isiyoonekana inayozunguka kila waya unaopitisha umeme, unawadhuru wenye mimba na watoto wao. Wakajenga masanduku mawili ya mbao, kila moja kubwa kama kabati la nguo, wakayazungushia waya wa shaba na kupanga vizimba ndani. Yote mawili yanavuma sawasawa, yanapata uvuguvugu sawasawa. Lakini katika mojawapo waya umezungushwa kwa namna kwamba umeme unaokwenda na unaorudi unafutana, hausalii uga wowote. Moja la kweli, moja danganya toto. Lipi ni lipi, hakuna mtu anayegusa panya aliyeruhusiwa kujua. Jibu lilikuwa kwenye bahasha iliyopigwa lakiri, ndani ya kasha la chuma la mkurugenzi, likisubiri utafiti uishe.

"Shikamoo, mama wa watu mia," alisema Waya akiingia na ngazi begani. Waya alikuwa fundi wa taa na feni, mwembamba hadi akisimama nyuma ya ngazi yake humwoni. "Mbona umepauka? Wajukuu hawajambo?"

"Wameliwa tisa."

"Tena?" Waya aliishusha ngazi. "Basi lile sanduku mimi silipitii karibu. Nina mke mmoja na matumaini mengi."

Siku nyingine Mama Panya angemjibu hadi ajute. Siku hiyo alicheka kwa meno tu, huku mkono wake ukishuka wenyewe chini ya meza, tumboni.

Saa nne alipanda ghorofani kwa Dakta, mwanamama mfupi aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea.

"Dakta, sanduku la pili ndilo la kweli, sivyo?"

"Sijui, mwanangu."

"Unajua lakini husemi."

"Ningejua nisingekuwa mtafiti, ningekuwa mpiga ramli. Mtu akijua, jicho lake huanza kuona kidonda pasipo kidonda." Dakta alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Usidhani nalala kwa raha. Saba kwa sufuri! Nimefanya kazi hii miaka ishirini na nane, sijawahi kuona kitu kama hicho. Kama ni uga kweli, basi kuna nyumba ngapi chini ya nyaya kubwa za umeme? Kuna wanawake wangapi? Wewe andika tu. Andika kila kitu."

Mama Panya alishuka ngazi akiwa ameshika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Alikuwa amekwenda kutafuta mtu wa kumwambia acha woga wako, akakuta mwenzake anaogopa kumzidi.

Jioni ile, wenzake walipokuwa wanavua makoti, alimwita Waya amsaidie kuhamisha meza.

"Feni inanipiga kifuani," alidanganya.

"Feni iko kule unakohamia."

"Shika upande huo, wewe, acha ubunge."

"Sawa, sawa. Lakini sanduku la watu limekukosea nini hadi unalipa talaka?"

Wakaibeba meza pamoja na vyote vilivyokuwa juu yake: mizani, daftari, kikombe, waya wa upanuzi wa kuchomekea vifaa na vikorokoro vyake, wakaisogeza hadi sanduku la kwanza. Sheria ilisema hakuna kitu kinachohama chumbani mle bila kuandikwa. Mama Panya hakuandika. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne kuruka mstari, na wiki nzima iliyofuata alikula vizuri, akalala vizuri, hata akamtania Waya mpaka yule bwana akauliza kama ameongezwa mshahara.

Wiki ya pili, Jumatatu, alivuta kizimba cha kwanza cha sanduku la kwanza.

Hakikuwa na kitoto hata kimoja.

Cha pili kilikuwa na vitatu kati ya kumi na viwili. Akavuka chumba hadi sanduku la pili, akavuta, akahesabu, akahesabu tena akigusa kila kimoja kwa ncha ya kidole. Kizimba kimoja kumi, cha pili kumi na mmoja, cha tatu kumi na watatu, wote wananyonya, matumbo yao yamejaa maziwa hadi yanaonekana meupe chini ya ngozi.

Alikaa sakafuni, kwenye saruji, koti jeupe na yote. Masanduku yakavuma. Umeme haukuwa umehama. Masanduku hayana miguu. Kilichohama kutoka upande ule kuja upande huu kilikuwa ni yeye.

*

Mumewe alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa njiani. Alimkuta anapiga randa mlango wa mtu. Mume alipomwona uso alizima redio bila kuuliza.

"Kinachowala hakimo sandukuni," Mama Panya alisema. "Kimo ndani yangu."

"Kimo nini? Kaa kwanza."

"Wa kwanza aliondoka tumboni mwezi wa nne. Wa pili mwezi wa nne. Sasa naingia wa nne, na nikikaa karibu na kiumbe chenye mimba, kinakula watoto wake. Nimehama, kifo kimehama. Panya hawajui kusoma, baba. Hakuna aliyewaambia kwamba nimehamisha meza."

Mumewe alifuta mikono kwenye suruali muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata, na maneno nayo aliyapima hivyohivyo.

"Wewe si sumu," alisema mwishowe.

"Unajuaje?"

"Miaka sita nalala karibu yako na bado nakula kama jeshi."

Alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Mumewe akamshika bega.

"Mwambie Dakta. Lote. Na mimba mwambie."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Umesahau mara ya pili? Niliwaambia wote, wakanipigia vigelegele. Halafu nikarudi kazini, kila mmoja ananiuliza kwa zamu yake, mtoto hajambo? Na kila mmoja nikamwambia kwa zamu yake, hayupo. Mlinzi wa getini. Mama wa usafi. Waya, ambaye alikosa hata mzaha mmoja. Kumpoteza nilimpoteza mara moja. Kutangaza nilitangaza mara kumi na tisa. Nilizihesabu. Safari hii nikipata msiba, nataka uwe wangu peke yangu."

Mumewe alichukua kipande cha msasa, akakigeuza mkononi, akakirudisha pale kilipokuwa.

"Na kama ni kitu kingine?" aliuliza. "Kitu kinachoweza kuzimwa, na wewe umekaa nacho kwa sababu unaogopa kusema?"

*

Asubuhi Dakta alisikiliza akiwa amesimama. Mama Panya alianza na lililo jepesi, la meza, akaona uso wa Dakta unabadilika rangi; halafu akasema la tumbo. Alisubiri kufukuzwa.

"Twende chini," alisema Dakta. "Mlete na fundi."

Walisimama watatu mbele ya meza. Dakta aliizunguka kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua.

"Vitoto vilianza kuliwa lini?"

"Wiki tano zilizopita."

"Na kabla ya hapo ulikaa hapohapo karibu miezi mitano, salama. Nini kilikuja juu ya meza hii wiki tano zilizopita?"

"Hakuna kitu. Mizani ni ileile. Daftari, kikombe..." Mama Panya alikuwa anaelekeza kwa kidole kimoja kimoja, na kidole kikasimama kwenye waya wa upanuzi. Palikuwa na kidude cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni, kimechomekwa, kinawaka taa ya kijani. "Na hiki. Ni cha mbu. Unachomeka, kinatoa sauti wasiyoipenda, wanakimbia. Daktari wa kliniki alisema mara ya kwanza ilikuwa malaria. Basi nilipojua nina mimba tena nikanunua viwili, kimoja nyumbani, kimoja hapa."

"Sauti gani?" Waya aliinamisha sikio. "Mbona kimya?"

"Kwetu," alisema Dakta taratibu. "Kwetu kimya." Alifumba macho. "Panya anasikia sauti za juu tusizozisikia sisi, na sauti hizo hazifiki hata upande wa pili wa chumba. Kizime. Hapana, subiri. Fundi, lete kile chombo cha kupimia mtetemo, chenye kioo."

Waya alikileta, akakiunganisha. Kwenye kioo ulitokea mstari mnene, umesimama wima. Dakta alichomoa kidude. Mstari ukalala. Akakichomeka, ukasimama.

Na pale, mbele ya macho yao, panya wa karibu aliruka na kujibana kwenye kona ya kizimba, masikio yamelala.

"King'ora," alisema Waya, na safari hii hakuwa anatania. "Usiku na mchana. Na mwenye kuzaa hana pa kukimbilia."

Mama Panya aliking'oa kidude kwa nguvu hadi waya wa upanuzi ukamfuata. Alikikamata kiganjani. Panya mzazi aliyetishwa hula watoto wake, hilo alilijua. Hesabu ilikuja yenyewe, maana ndiyo kazi yake: vitoto themanini na sita. Alikuwa amewaulia panya watoto wao akijaribu kumlinda wa kwake.

"Kosa ni langu," alisema Dakta. "Nimepima joto, nimepima mwanga, nimepima uga hadi pembeni mwa mlango. Meza ya mtu anayewalea sikuipima." Aliketi kwenye kiti cha Mama Panya, ghafla kizee. "Nusu mwaka wa kazi, kapuni. Tunaanza upya."

"Basi bahasha haina siri tena," alisema Mama Panya.

Dakta alimtazama. "Haina."

"Naomba ifunguliwe."

Ilichukua dakika ishirini kumpata mwenye ufunguo wa kasha. Dakta aliivunja lakiri kwa kucha, akasoma, akampa karatasi asome mwenyewe. Sanduku la kwanza, danganya toto. Sanduku la pili, la kweli.

Kwa hiyo alikuwa ameupa mgongo uga huo tangu mwezi wa kwanza wa mimba.

"Dakta, uga umenidhuru?"

Waya tayari alikuwa amebeba kipimo kingine, anakipitisha pale meza ilipokuwa zamani. "Ndani ni mkubwa. Hapa nje umeshuka mno. Angalia mwenyewe, shemeji. Kinyozi akikunyoa kwa mashine anakupa zaidi ya huu kwenye kisogo."

"Nimemuuliza Dakta."

Dakta angeweza kumdanganya, na Mama Panya angependa sana adanganywe. "Kwa kipimo hiki sidhani," alisema. "Lakini swali ulilouliza ndilo hasa tulilokuwa tunalitafutia jibu, mwanangu, na jibu lenyewe limeharibikia hapa mezani. Siwezi kukupa nisichokuwa nacho. Ninachoweza ni kukutoa chumba hiki leo hii."

Alimtolea fomu ya wafanyakazi wenye mimba, ukurasa mmoja. Mama Panya alijaza jina, cheo, ghorofa atakayohamia. Halafu akafika kwenye mstari uliouliza tarehe ya kutarajia kujifungua, kalamu ikasimama.

Mwanamke aliyehesabu kila kitu duniani hakuwahi kuihesabu hiyo. Alihesabu siku zilizopita, basi. Zinazokuja alikuwa haziruhusu kuingia kichwani.

"Nina penseli," Waya alinong'ona, akiitoa nyuma ya sikio.

"Humu ndani tunaandika kwa wino," alisema Dakta, lakini kwa upole. "Ukikosea unapiga mstari mmoja juu yake, unatia sahihi. Hakuna kufuta."

Mama Panya aliikataa penseli kwa kutikisa kichwa. Alihesabu kwa vidole, midomo inacheza, akifika mwezi wa nne akapita bila kusimama, akaenda hadi wa tisa. Tarakimu ya kwanza ilitoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Akaiandika yote: siku, mwezi, mwaka. Akaipulizia wino ukauke.

"Mtanikuta ghorofani," aliwaambia, akiinuka. "Na mtu asiniulize hajambo. Nitasema mwenyewe."

"Hata mimi?" aliuliza Waya.

"Wewe hasa."