Mkono wa Lusia

"Nyoosha shingo, mayu. Usiibe."

Lusia alinyoosha shingo. Akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, juu ya nywele nyingi zilizofungwa uzi mweusi na kusimama wima, akatafuta sikio la kushoto. Vidole vilikwama kabla hata ya kuuvuka utosi vizuri. Alijikamua mpaka ulimi ukatoka nje, lakini wapi.

"Bado," alisema Donatus, akijitahidi furaha isimtoke usoni. "Mkono haujafika."

Mkewe, Serafina, alikuwa mlangoni akichambua dagaa. Wala hakuinua kichwa.

"Baba Lusia, hicho ni kipimo cha enzi zenu. Siku hizi wanaangalia cheti cha kuzaliwa. Mtoto ametimiza miaka mitano, Januari darasa la awali linamsubiri."

"Tulikubaliana, Mama Lusia. Mkono ukigusa sikio, anakwenda Didia kwa bibi yake, na mimi mwenyewe nampeleka. Usipogusa, anangoja mwaka mwingine, halafu anaanzia hapahapa."

Hapahapa maana yake ni darasa la mabati nyuma ya kanisa, katikati ya machimbo haya ya Geita, jirani kabisa na karasha. Karasha ikianza kusaga mawe, mwalimu alilazimika kupiga kelele kama anayefukuza ng'ombe shambani, na watoto walioimba a-e-i-o-u walirudi nyumbani na vumbi kwenye kope. Didia kulikuwa na shule ya matofali yenye uwanja mpana, na kulikuwa na Bibi Rebeka, mama yake Serafina, aliyekwisha kuagiza mara nyingi aletewe mjukuu. Donatus aliyajua yote hayo. Alijua pia kwamba Didia ni safari ya basi, na kwamba Lusia akienda huko, jioni atarudi kutoka kazini na hakuna mtu atakayemkimbilia njiani.

Kwa hiyo alisuka.

Ndiyo, nywele zile alizisuka yeye. Nyumbani kwao hakukuwa na binti, na marehemu mama yake ndiye aliyemfundisha, akimtuma kushika uzi, kisha kuuzungusha, kisha kumaliza kichwa kizima. Mama yule aliitwa Lusia. Ndiyo maana binti naye aliitwa Lusia, na ndiyo maana Donatus alimwita mayu, mama, kama Wasukuma wanavyomwita mtoto aliyebeba jina la mama mzazi. Wenzake machimboni walimcheka, eti mshika kamba wa duara, anayeshusha watu shimoni, kageuka msusi. Aliwaacha wacheke. Kila Jumamosi alimweka mtoto katikati ya magoti na kuzungusha uzi, na kila Jumamosi nywele zilisimama juu zaidi kidogo. Serafina alidhani ni mapenzi tu. Yalikuwa mapenzi kweli, ila ndani yake mlikuwa na wizi.

Jumamosi moja, akiwa amekaa hivyo kati ya magoti ya baba yake, Lusia aliuliza, "Baba, ukimshusha Baba Mdogo Valerian shimoni humwoni. Unajuaje kama amefika?"

"Kamba inalegea. Uzito unaondoka mkononi. Hapo najua amekanyaga chini."

"Halafu unaenda kula?"

Donatus alicheka. "Siendi popote, mayu. Nasimama palepale juu, naishika kamba, mpaka atikise."

Mtoto alichezea uzi uliobaki, akilifikiria jambo hilo. Donatus alitazama kisogo kile kidogo na kujiuliza ni mambo gani yanayopita humo ndani, na nani aliyeyaweka.

Wiki za mwisho za Desemba mvua zilitulia na kazi ikarudi kwenye duara. Asubuhi moja Valerian alikaa juu ya kijiti cha kamba, akavuta tochi ya kichwani, akaaga kwa mkono, akazama kwenye mdomo wa shimo. Juu walikuwa wawili, Benjamini na Donatus, wakiilegeza kamba iliyozungushwa kwenye gogo, kidogo kidogo. Kamba ilipita viganjani mwao kwa mlio ule ule wa siku zote.

Ndipo Donatus akainua macho.

Ng'ambo ya uzio wa miti, pale ambapo watoto hawaruhusiwi kupita, alisimama mtoto mwenye upara. Donatus hakumtambua mara moja. Alimwona kwanza kama mtoto wa jirani, kisha akaliona gauni, kisha akakiona kichwa, na mwili wote ukamsisimka. Kilikuwa kichwa kirefu nyuma, chenye kibonde kidogo juu ya sikio. Kilikuwa kichwa cha mama yake, kile alichokifunga kitambaa kwa mikono yake mwenyewe siku ya mazishi. Nacho kilikuwa hai. Jasho lilikimeta juu yake, na kwenye kipaji mshipa mwembamba ulidunda, ule ule alioutazama siku mkunga alipomwekea mtoto mikononi, akaogopa hata kupumua.

Lusia alinyoosha shingo bila kuambiwa. Akapitisha mkono juu ya kichwa, na vidole vikashuka upande wa pili, vikalifunika sikio la kushoto, vikalikamata, vikalivuta.

"Donatus! Kamba!"

Kamba ilikuwa imeteleza. Kutoka chini sauti ya Valerian ilipanda, ikitukana ukoo mzima wa walio juu. Donatus alibana viganja mpaka vikaungua. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kuruka ule uzio amshike mtoto, lakini mikononi mwake alikuwa na uhai wa mtu. Ikabidi asimame hivyohivyo, akishusha taratibu, macho kwa binti yake, na binti yake akimngoja huku ameshikilia sikio lake. Machozi yalimtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Benjamini aliona, akageuzia uso pembeni.

Hatimaye kamba ikalegea.

"Ishike," alimwambia Benjamini, akauendea uzio.

Alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Nani kakunyoa?"

"Kinyozi. Nilimwambia baba kanituma."

"Ulimdanganya mtu mzima?"

"Ndiyo." Lusia aliachia sikio. "Nilijiangalia kwenye kioo cha mama. Mkono wangu si mfupi, baba. Nywele ndiyo zilikuwa ndefu. Ulizisimamisha sana."

Hapakuwa na lawama katika sauti ile. Alikuwa akimweleza tu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia. Donatus alikosa pa kuweka uso. Miezi yote ile alijiona mjanja, na mtoto wa miaka mitano alikuwa akitafuta peke yake, kwa kioo kilichopasuka, mlango wa kutokea.

"Unaitaka shule kiasi hicho?"

"Naitaka."

"Na ya Didia? Kule mimi sipo."

Lusia aligeuka kuitazama kamba mikononi mwa Benjamini. "Utanishika ukiwa huku juu," alisema.

"Mayu," aliita Donatus, na kwa mara ya kwanza hakujua anamwita nani kati ya Lusia wale wawili.

Januari aliitimiza ahadi. Serafina aliwasindikiza stendi, akambusu mtoto kwenye upara, akamwambia mumewe, "Usimwambie mama yangu habari za kinyozi." Donatus na Lusia walifika Didia jioni, na asubuhi Bibi Rebeka alitangulia mbele kuwaongoza shuleni, naye Donatus akifuata kwa mbali kidogo kama inavyompasa mkwe. Lusia, ndani ya sare iliyompita magoti, alikuwa ameshika kidole cha baba yake kwa ngumi nzima.

Mlangoni pa darasa alisimama mwalimu kijana.

Lusia alipiga magoti. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu ndani."

Ngumi ilifunguka. Kile kichwa kirefu kikaingia kati ya vichwa vingine vidogo, kikaenda moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa mbele, na hakikugeuka nyuma. Mkononi mwa Donatus uzito mdogo ukaondoka. Aliufahamu wepesi ule. Aliufahamu kuliko kitu chochote duniani.

"Baba Lusia, twende," aliita Bibi Rebeka kutoka njiani. "Uji unapoa."

"Tangulia, mama. Nakuja."

Ndani sauti ndogo nyingi zilianza kuimba, na hakukuwa na karasha ya kuzifunika. Donatus alibaki amesimama nje ya dirisha, vidole vyake bado vimejikunja, akisikiliza.