Hodi Jichoni

Mume wangu ni seremala, na vidole vyake ni vinene kama mipini ya patasi. Kwa hiyo mtaalamu wa lenzi za kuvaa ndani ya jicho, dada mpole kupita kiasi, alipotuambia kwamba lenzi haitoki kliniki mpaka mmoja wetu aweze kuivalisha na kuivua, nilijua mzigo umeniangukia mimi.

Jicho lake la kushoto lilishakufa zamani. La kulia walimpandikizia konea, kile kioo cha mbele, kutoka kwa marehemu tusiyemjua. Kidonda kilipona vizuri, ila kioo kikabaki na mabonde, miwani ikashindwa. Mstari mmoja wa penseli kwenye ubao akawa anauona mitatu. Mwaka mzima randa imelala, naye yuko jikoni ananifundisha kupika. Nampenda, lakini uvumilivu una kikomo.

Dada alijaribu lenzi ngumu mbili. Kila mara alitia tone la rangi, akamulika taa ya buluu, akaniita nichungulie: palipong'aa kijani machozi yametuama, palipokuwa peusi lenzi inakandamiza. Ya tatu ilikaa. Akaitoa, akaniwekea kwenye ncha ya kidole.

"Haya mama, zamu yako."

Nikamsogelea mume wangu. Naye kila nikisogea anafumba.

"Fumbua, baba watoto!"

"Si nimefumbua!"

"Umefumbua mdomo!"

Lenzi ikaangukia mapajani. Dada akaiosha, nikarudia, ikanata shavuni. Akasema kwa upole labda tujaribu siku nyingine. Mume wangu akainamisha kichwa, nikaona uso wa mtu anayeiaga kazi yake. Moyo ukaniuma.

"Naogopa," nikasema. "Hicho kioo ni cha watu. Nitaingizaje kidole kwenye mali ya marehemu bila hata salamu?"

Hakucheka. "Basi salimia."

Nikainama, kidole mbele. Niliona aibu, lakini nikasema hivyo hivyo.

"Hodi."

"Karibu," akajibu, kama anavyojibu mlangoni miaka yote, na jicho likabaki wazi.

Ikaingia. Machozi yakamtiririka, akapepesa, akapepesa tena, kisha akanitazama mpaka nikarekebisha kitambaa kichwani.

"Nini?"

"Tangu upasuaji, kila ukinijia naona mmekuja watatu," akasema taratibu. "Leo umekuja peke yako."

Nikamwambia anyamaze. Bado kulikuwa na kazi ya kuivua, na sasa mimi ndiye niliyekuwa sioni.