Jina la Kiroboto

Kwa miaka thelathini na minane Solange alikuwa kiroboto. "Kiroboto wangu, kahawa." "Kiroboto wangu, funguo ziko wapi?" Naye mumewe alikuwa kabichi wake, na pale Beaune, mji wa Ufaransa ambako wapendanao huitana hivyo, hakuna aliyecheka, maana nyumba ya pili waliishi sungura na bata wake. Jina halisi la mtu lilikuwa la karani wa mahakama, na la siku za ugomvi.

Basi Jumatatu asubuhi mumewe alipopaka siagi kwenye mkate na kusema polepole, "Umeamkaje, Solange," kijiko kilimponyoka mkewe mkononi.

Jumanne alimwita Solange mara nne. Jumatano mara tisa, moja mumewe akiwa peke yake bustanini, katikati ya vitunguu. Solange akajichunguza. Chumvi imezidi? Amemsema mama mkwe, Mungu amrehemu? Hakuona kosa, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

"Shoga, wangu alianza hivyo hivyo," alisema jirani yake Mireille, kwa huruma ya mtu anayeifaidi habari. "Wiki mbili Mireille, Mireille. Ya tatu akahamia kwa muuza jibini. Wako keshapata kiroboto mwingine."

Alhamisi, supu ikiwa mezani, uvumilivu ulimwishia.

"Ni nani huyo? Nitajie. Siku hizi unamwita nani kiroboto?"

Mumewe aliweka kijiko chini. "Wiki iliyopita, kule kliniki, karani aliniuliza jina la mke wangu. Nikababaika. Mwishowe nikamwambia Kiroboto. Ukumbi mzima ukacheka." Masikio yalikuwa yamemwiva. "Lilinijia nikiwa kwenye basi, narudi. Niliogopa, Solange. Ndiyo maana nalifanyia mazoezi."

Moyo wa Solange ukarudi mahali pake. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kwa raha, na kwa hasira kidogo pia. Mwanamume gani husahau jina la mkewe?

"Haya, na wewe niite kwa jina langu," alisema mumewe, "tuwe sawa."

Solange akafungua kinywa. Alilijua, bila shaka alilijua. Lilikuwa kwenye cheti cha ndoa, na kwenye kisanduku cha barua getini, na lilianza na G. Au J. Mumewe alisubiri, akitabasamu.

"Kunywa supu, kabichi wangu," alisema. "Inapoa."

Kisha akainuka kwenda kuangalia kisanduku cha barua, ingawa tarishi alikuwa ameshapita tangu asubuhi.